Mama aliyejificha chini ya kitanda

Nilipangiwa kazi ya uuguzi Rungwe, mkoani Mbeya, nikitokea Kahama, na ndani ya wiki mbili nilijiona nimeshawamaliza Wanyakyusa. Nilikuwa na "ugonile" ya kusalimia asubuhi na "ndaga fijo" ya kushukuru mchana, basi. Nikiingia wodi ya watoto nayatupa kama njugu, akina mama wanacheka, nami najiona mwenyeji.

Chuoni tulisoma habari za Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani ambaye miaka ya 1950 alihudumia watoto kule Cincinnati, akaona kuwa watoto waliotoka jamii tofauti hawawezi kutunzwa kwa namna moja. Swali lake lilikuja kwenye mtihani. Nililijibu vizuri sana, nikalisahau siku hiyo hiyo.

Akaletwa mtoto wa mwaka na nusu, utapiamlo mkali, utepe wa kupima unene wa mkono unasoma chini ya sentimita 11.5, miguu imevimba. Mtoto wa hivyo anaanzishiwa F-75, maziwa maalumu ya tiba ya utapiamlo, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Akiachwa na njaa sukari inashuka, mwili unapoa, na baridi ya huku mnaijua. Mama yake alikuwa binti mdogo, mpole, ukimwambia jambo analifanya. Shida ilikuwa saa kumi jioni. Ikifika saa ya kuona wagonjwa, kikombe kipo, mtoto analia, mama hayupo. Anarudi giza linaingia, kajifunika kitenge, haelezi alikokuwa. Na sisi wodi nzima tulikuwa wauguzi wawili.

Kulikuwa na vituko vingine. Nikisoma jina la mtoto kwa sauti wakati wa dawa, haitiki mpaka jirani amguse bega. Nilipojaza fomu nikamuuliza jina la ndugu wa karibu, maana mumewe alikuwa machimboni Chunya na hapatikani kwa simu, akasema, "Ni babu yake mtoto." Anaitwa nani? Kimya. Anatazama sakafu. Nikaandika kwenye faili, kwa kalamu yangu mwenyewe: "Mama hamjali mtoto, haonyeshi ushirikiano."

Muuguzi mmoja mkongwe akanipa ushauri ambao mpaka leo nikiukumbuka unanikera. "Hawa bila kufokewa hawasikii. Mbane."

Nikambana. Siku hiyo saa kumi kasorobo nikasimama mlangoni kama askari wa getini. Binti akaja na kanga yake, nikamwambia leo huendi popote, kaa hapo, mnyweshe mtoto. Akaniomba kwa macho. Mimi nikakunja mikono. Mara namwona mzee mmoja mrefu, koti zito, fimbo, anakuja na mkewe kuelekea kitandani. Nikafurahi, nikasema kwa sauti, "Karibu mzee, mama yake mtoto huyu hapa, leo tumemkamata!"

Sijawahi kuona mtu akipotea haraka vile. Kitenge kichwani, kikombe chini, maziwa ya F-75 yote sakafuni, na binti ameingia mvunguni. Mzee naye kageuka papo hapo, kaupa uso ukuta, katoka bila neno. Bibi akabaki ananitazama kama mtu aliyekuta mbuzi anakula paa la nyumba. Wodi nzima kimya. Nikainama kumbembeleza binti atoke, naye ndiyo kwanza anazidi kujisogeza ndani.

Mzee hakuonekana siku mbili. Na ndiye aliyekuwa analeta pesa ya chakula cha muuguzaji, na ndiye aliyetakiwa akubali mtoto awekwe mpira wa puani, kwa sababu nyumbani walishasema mwenye mpira hatoki hospitali.

Aliyeniokoa ni mama wa usafi. Aliegemea fagio lake akacheka mpaka akakohoa. "Gwe nesi, yule ni baba mkwe wake. Mkamwana haonani na baba mkwe, na jina lake halitaji. Huyo mtoto karithi jina la babu, wewe unataka aitikeje?"

Kumbe binti alikuwa anatoka nje, anakaa nyuma ya kamba za nguo kwenye mvua, kwa heshima. Mimi nimeandika hajali.

Nikamfuata mzee kwa bodaboda, elfu chache tu, nikaomba radhi bila kutafuta maneno ya kitaalamu. Aliniacha nimesimama kwanza, haki yake. Kisha tukapanga. Akifika kwenye kona ya korido anagonga fimbo mara mbili. Mimi nimeshavuta pazia la kitanda, lile la kijani tulilokuwa tunalitumia wakati wa kuosha wagonjwa. Binti anabaki upande wa pili na kikombe chake, ananywesha. Hakuna maziwa yaliyorukwa tena.

Mazungumzo ndiyo yalikuwa raha. Mzee anaambia pazia, "Nesi, muulize mama yake kama mtoto kalala vizuri." Pazia ni kitambaa, binti kasikia kila neno, ila ananisubiri. Nauliza. Ananong'ona, nami napeleka jibu hatua moja upande wa pili, nimejaa umuhimu kama balozi. Mpira wa puani ulikubaliwa hivyo hivyo. Nilimweleza mzee kuwa ni njia ya kupitishia maziwa mpaka mtoto apate nguvu ya kumeza, akapima kimya, akasema, "Mwambie awekewe."

Hapo nikapata akili ya jambo jingine. Nilikuwa nimemhubiria binti maziwa na parachichi mpaka basi, na yeye anaitikia tu. Hana ng'ombe. Ng'ombe ni wa mzee, na maziwa yote yanakwenda kuuzwa asubuhi. Nyanda hizi za Juu Kusini tuna chakula mpaka kinaoza, na bado utafiti wa taifa wa 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa asilimia 56.9 kwa watoto chini ya miaka mitano, juu kuliko mkoa wowote wa bara. Siku hiyo nikaliambia pazia kwamba kikombe cha mtoto kikamwe kwanza, ndoo ya kuuza ifuate. Mzee akasema, "Nesi, mwambie mama yake aandae kikombe." Bibi aliyekuwa pembeni, ambaye wiki nzima alikuwa ananong'onea majirani kuwa mtoto kabemendwa, yaani kadhoofishwa na wazazi kukutana kabla hajaacha ziwa, hakuongeza neno.

Uvimbe ukaisha, akahamia F-100, maziwa ya tiba ya hatua ya pili, akaanza kunirushia kijiko. Siku ya kuruhusiwa niliachiwa mkungu wa ndizi dukani kwa jirani, bila ujumbe.

Faili haifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya maneno ili yaendelee kusomeka, unaandika tarehe, unasaini. Nikapiga mstari juu ya "Mama hamjali mtoto", nikasaini.