Siku moja maishani mwangu: mpima mafuta wa sheli, Uyole

Saa 11 alfajiri. Juni Mbeya baridi inaingia mpaka kwenye kucha. Mlinzi ananisalimu "Ugonile", naitika, nashika fimbo na dawa ya kugundua maji, napima matenki matatu ya chini ya ardhi. Hakuna maji ndani. Naandika daftarini.

Saa 3 inaingia tenka kutoka Dar, dizeli lita 35,000. Lakiri zote nzima, namba zinalingana na karatasi. Napanda juu, chumba baada ya chumba nashusha fimbo. Jumla: pungufu lita 290.

Bosi hakusubiri nishuke ngazi. "Mwizi huyo! Ameyashusha na kuyauza njiani, mlima Kitonga!" Dereva, mtu wa umri wa baba yangu, midomo ikawa inamtetemeka. "Binti yangu, safari iliyopita nilibeba petroli. Labda ilibaki, ikachanganyika, ndiyo yakapungua."

Ni kweli petroli na dizeli zikichanganywa ujazo hupungua, kwa sababu chembe ndogo hujipenyeza kati ya kubwa. Lakini hata zikiwa nusu kwa nusu, upungufu ni kama lita 1 tu katika kila 1,000. Mabaki ya petroli hayawezi kumeza lita 290; kazi yake ni kuifanya dizeli ishike moto kirahisi, na hapo ningeukataa mzigo wote. Nikachota sampuli, nikatumbukiza haidromita, kipimo cha uzito wa mafuta: uzito wa dizeli.

Nikafunga themomita kwenye kamba, nikaizamisha katikati ya kila chumba, nikangoja. Bosi anafoka, bodaboda wamejaa wanatazama, dereva amechuchumaa kwenye tairi. Nyuzi 21. Karatasi ya kupakilia Dar: nyuzi 31. Gari lililala Iringa, likalala tena Makambako. Dizeli hupoteza kama lita 8 katika kila 10,000 joto likishuka nyuzi 1. Nilipiga hesabu mara tatu mbele yao: lita 280. Kumi zilizobaki ni kosa dogo la kusoma, unene tu wa mstari wa fimbo.

Sijui ilikuwa saa ngapi bosi aliposaini. Alisaini bila kumtazama yule mzee, na hilo liliniuma kuliko baridi.

Giza linaingia napima tena. Mafuta mapya bado yana joto kuliko ardhi, usiku yatapoa na kupungua tena kidogo. Nimemwandikia bosi kiasi chenyewe kwenye karatasi na kuibandika mlangoni kwake, asije kesho akamwita kijana wa zamu ya usiku mwizi.