Siku moja na kamera mwaloni Igombe

Ni Juni 2020. Korona imeingia nchini tangu Machi, nasi tunarekodi filamu fupi kuhusu akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo wa Igombe, mahali mitumbwi inaposhushia samaki kando ya Ziwa Victoria, Mwanza, Tanzania.

Saa kumi na moja alfajiri, Kirumba, mjini Mwanza, kabla ya kwenda Igombe. Nafuta kamera na miguu yake kwa kitambaa chenye spiriti. Kioo cha lenzi sikigusi na spiriti, utando wake unaweza kuharibika. Zamani tungejazana sita kwenye Hiace. Leo tuko wawili, kila mtu na pikipiki yake.

Saa kumi na mbili na nusu, mitumbwi inarudi na taa zake. Hapo majini watu wamebanana, mabeseni yanapita vichwani, bei zinapigiwa kelele. Hatuingii. Nasimama juu ya jiwe, navuta picha kwa lenzi ndefu. Kusema kweli picha zimekuwa bora kuliko nilivyotarajia, maana hakuna anayejitengeneza mbele ya kamera.

Saa tatu tunamfuata mama tuliyepatana naye. "Mwangaluka, mayo!" namsalimu kwa Kisukuma. Anaitikia akiwa ameweka mkono kifuani. Amepita miaka sitini na ana kisukari, kwa hiyo tumekubaliana kila kitu mapema kwa simu: mazungumzo yote nje, mita mbili kati yetu, barakoa yake aivue mwenyewe, zetu zibaki usoni. Kinasa sauti cha kubana kwenye nguo tumekiacha nyumbani, kingetulazimu kumshika kanga. Mwenzangu amefunga kingine kwenye ncha ya mwanzi mrefu, mikono inamtetemeka, ila kila neno linasikika.

Tatizo ni watoto. Shule zimefungwa, na kamera inawavuta wote. Tunawasihi, hawasogei. Mama anachukua reki ya kugeuzia dagaa, anachora mstari mchangani. "Wajukuu zangu, huku kwa dagaa, huko kwenu." Wanakaa chini palepale. Kisha ananigeukia: "Haya mwanangu, uliza." Anaeleza jinsi wanunuzi wa mbali walivyopungua na magunia yanavyolala stoo. Simkatizi hata mara moja.

Saa saba upepo wa ziwa unazidi, sauti inaharibika. Tunafunga vyombo, tunanawa kwa sabuni kwenye ndoo ya bomba.

Jioni nanakili picha kwenye diski mbili, naloweka barakoa. Halafu naandika daftarini majina na simu za wote tuliokaribiana nao leo. Nikianza kukohoa, wa kwanza kupigiwa ni yule mama.