Haipendezi

Bibi yangu wa Pangani hakuwa mtu wa kukataza. Sikumbuki akisema kitu ni marufuku, wala dhambi hakuitaja ovyo. Ukila huku unatembea, ukipokea kitu kwa mkono wa kushoto, ukiingia kwa jirani bila kubisha hodi, alikutazama kidogo kisha akasema: "Haipendezi." Basi. Haimpendezi nani? Hakusema, na wewe hukuthubutu kuuliza, maana kuuliza nako kusingependeza.

Kubwa kuliko yote lilikuwa kurudisha sahani ya watu tupu. Sahani ikija na kalimati, irudi na chochote: maembe mawili, kipande cha boga, hata ndimu. Mara moja nilishaioshaosha nikawa nakwenda nayo hivyo hivyo, kwa kuwa siku hiyo ndani hamkuwa na kitu. Akaniita kabla sijavuka kizingiti. Sahani ya jirani ililala kwetu siku tatu ikisubiri samaki.

Maneno mengine alikuwa nayo, kila moja na kazi yake. Adabu ilitiwa, kama chumvi, na aliposema fulani "atatiwa adabu" tulijua ni fimbo. Haya ilionwa: "Huoni haya?" Aibu ilikuwa mzigo wa kuletwa nyumbani: "Usije ukatuletea aibu." Mpaka leo haya naisikia kuwa ni yangu peke yangu, lakini aibu naona tunagawana na ukoo mzima, hadi binamu ambao hatujasalimiana tangu msiba wa mwisho.

Uungwana ndilo neno ambalo sikulipenda nilipokua. Mwungwana wa zamani ni yule asiyekuwa mtumwa, na Pangani ulikuwa mji wa misafara ya pembe na ya watu. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Neno likabaki, nasi tunalitamka kwenye hotuba za harusi tukimsifu bwana harusi aliyewahi kufika.

Harusi yangu mimi haikuwa na hotuba. Tulifunga ndoa bomani, kwa sababu ambazo nyumba zote mbili zinazijua, kisha tukapanda basi kwenda kwao Tukuyu nikaonekane. Mume wangu alikuwa ameniandaa kwa baridi. Alininunulia sweta, akanifundisha kusema "ugonile", salamu ya Kinyakyusa, na "ndaga", ambalo kule linafanya kazi ya asante, ya pole na ya salamu kwa pamoja. (Nalionea wivu neno hilo.) Lile kubwa hakuniambia.

Tulifika jioni, manyunyu yanaanguka. Baba mkwe alikuwa amesimama nje karibu na migomba. Nikajitanda kanga vizuri, nikamwendea moja kwa moja kama nilivyolelewa, nikapiga goti kidogo na kunyoosha mikono yote miwili niushike wake niubusu. "Shikamoo, baba."

Mzee aliruka nyuma kama aliyekanyaga siafu. Mikono akaificha mgongoni, uso akaugeuzia migomba, na marahaba yake akaipa migomba. Wanasema shikamoo ilitokana na "nashika miguu yako". Mie nilitaka mkono tu.

Mama mkwe alicheka mpaka akaketi. Usiku, jikoni, wifi yangu ndiye aliyenieleza. Zamani mke wa mtoto akimwona baba mkwe njiani aliiacha njia, akageuka pembeni mpaka mzee apite. Hamtazami usoni, hamshiki mkono, jina lake halitamki. Siku hizi kwa wengi imelegea, wanakula meza moja wanatazama taarifa ya habari, lakini mzee huyu amebaki na yake. Nikauliza kama ni mwiko. "Aa," akasema, huku akichochea moto, "heshima tu."

Nilikaa na jibu hilo muda mrefu. Kwetu mkwe asiyesogea kusalimia ana kiburi, na atasemwa mpaka sokoni. Nilikuwa nimekuja na adabu yangu yote, bora niliyokuwa nayo, na ndiyo iliyonitia aibuni. Nikamkumbuka bibi. Kumbe "haipendezi" yake ilikuwa na mwenyewe na mahali pake, ila sisi hatukuwahi kutoka Pangani tukajua.

Mume wangu alipobanwa alijitetea kwamba alidhani baba ameshaacha mambo hayo. Hilo nilimsamehe baada ya wiki mbili.

Sasa ni mwaka wa tisa, na mimi na mzee tumepatana vizuri kabisa bila kutazamana. Salamu zinapita kwa mwanangu. Mzee yuko barazani, mimi niko jikoni, na anasema kwa sauti ambayo naisikia wazi: "Kamuulize mama yako kama huko kwao mvua imenyesha." Mtoto anakuja mbio kuniuliza, najibu kwa sauti ambayo naye anaisikia, na mtoto anarudi mbio kumpa jibu. Siku ya kwanza niliona ni mchezo. Sasa nikichelewa kuulizwa habari za mvua ya Pangani nahisi nimemkosea.

Na kabla ya kukata kona ya nyumba kuja upande wa jikoni, huwa anakohoa. Mara tatu, kama hodi, ili nipate nafasi ya kuingia ndani. Safari iliyopita alikuwa na mafua kwelikweli. Siku nzima sikupika kitu kikaiva.