Waliomwombea adui yao

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Matendo 9:10-17, pale Anania anapotumwa kwa Sauli, naye anamkumbusha Bwana sifa mbaya za mtu yule.

Usiku wa kuamkia 30 Juni 1968, mjini Meridian, Mississippi, Marekani, kijana wa miaka 21, Thomas Tarrants, alishuka garini na bomu mkononi. Alikuwa mwanaharakati wa Ku Klux Klan, kundi la weupe wabaguzi waliowachukia weusi na Wayahudi, na nyumba aliyoiendea ilikuwa ya Meyer Davidson, mfanyabiashara Myahudi. Polisi walikuwa wamemvizia. Risasi zikarindima. Mwenzake, mwalimu Kathy Ainsworth, akafa papo hapo. Tarrants akanusurika chupuchupu, akahukumiwa miaka 30 katika gereza la Parchman.

Mwaka uliofuata alitoroka, akakamatwa, akafungiwa peke yake. Humo akaanza kusoma: kwanza wanafalsafa, kisha Injili. Mathayo 16:26 ikamshika: "Kwani atafaidiwa nini mtu akiupata ulimwengu wote, na kupata hasara ya nafsi yake?" Mwaka 1970 akampa Yesu maisha yake.

Sisi tunapenda ushuhuda uishie hapo: vigelegele, na Jumapili apewe maikrofoni. Tarrants aliokoka, na bado akatumikia kifungo miaka mingine 6. Alipotoka Desemba 1976, mmoja wa waliompigania aachiwe mapema alikuwa Al Binder, wakili Myahudi. Aliyesaidia kumfungulia mlango alitoka katika watu walewale aliokusudia kuwaua! Mimi nikifika hapo hushindwa kuendelea kusoma kwa muda.

Tena kuna akina mama. Mke wa Frank Watts, ofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, aliyekuwa akimsaka Tarrants, alikuwa na kikundi cha maombi, nao wakamwombea kijana huyo wokovu. Walijua fika ni nani. Anania naye alijua, lakini akaenda, akamwita "ndugu Sauli" kabla Sauli hajatenda jema lolote.

Baadaye Tarrants alichunga, pamoja na wengine, kanisa la Washington lenye weupe na weusi. Aliandika kitabu pamoja na John Perkins, mhubiri mweusi ambaye polisi wa Mississippi walimpiga nusura ya kufa mwaka 1970, mwaka uleule Tarrants alipookoka.

Mtaani kwenu yupo kijana ambaye akitajwa, watu hubadilisha mazungumzo. Kwenye ibada ya jumuiya wiki hii, mwombeeni kwa jina.