Nilivyoliokoa waridi la jangwani lililooza kitako

Nilibonyeza kitako cha waridi langu la jangwani, yaani ule unene wa chini ya shina, kwa kidole gumba, kikabonyea kama embe lililopitiliza kuiva. Ilikuwa katikati ya masika, Dar es Salaam, na kwa wiki mbili majani yalikuwa yanageuka manjano na kupukutika. Kila yalipoanguka nilizidisha maji nikidhani ni kiu.

Niliununua Januari kwa wauza maua wa kando ya barabara, umejaa maua ya pinki. Nikaupanda kwenye ndoo ya plastiki, udongo mweusi na samadi tele, kama ninavyopanda mchicha. Jirani yangu, mama mtu mzima mzaliwa wa Same, ndiye aliyenifungua macho.

"Mwanangu, huu kwetu unaota kwenye mawe. Miezi inapita bila tone la mvua, nao upo tu."

Ule unene wa shina ndiyo akiba yake ya maji. Mimi nilikuwa nauongezea maji wakati umeshiba, na mizizi imekosa hewa.

Nikavaa glavu, nikaung'oa. Glavu nazisisitiza: utomvu wake ni sumu kali, ndio ule Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi wanaouchemsha na kuupaka kwenye mishale ya kuwindia. Mizizi midogo ilinibakia mkononi, inanuka. Nikafuta kisu kwa spiriti, nikaanza kukata sehemu ya kahawia kidogo kidogo, nikikifuta tena kila baada ya mkato, kwa sababu kisu kichafu kinahamisha uozo. Sikuacha hadi nilipofika penye weupe mtupu. Karibu theluthi ya kitako iliondoka, na roho iliniuma kweli.

Kidonda nilikipaka unga wa mkaa, kisha nikauning'iniza barazani kivulini, siku kumi na mbili, bila maji. Hizo ndizo siku zilizonitesa kuliko zote. Kila asubuhi mkono ulikuwa unawasha kushika jagi. Kidonda kikakauka, kikawa kigumu kama gome.

Safari hii nilitafuta chungu cha udongo chenye matundu mapana. Ndani niliweka mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, kokoto ndogo na chenga za mkaa, udongo wa kawaida robo tu. Kitako nikakiacha nusu kikiwa nje, chungu nikakiweka juani kutwa, na maji sikuyatia hadi wiki nyingine ilipopita.

Wiki ya tano vikachomoza vijani vidogo kwenye ncha za matawi. Niliwaita watoto wote waje waone.

Siku hizi naumwagilia pale tu ninapochovya kidole udongoni kikatoka kikavu. Masika yakikaribia nauhamishia chini ya paa, na ukipukutisha majani siuhangaikii, mradi kitako ni kigumu.

Ua la kwanza lilifunguka Oktoba. Nilibeba chungu kizima hadi kwa jirani. Hakuliangalia ua kwanza. Alishika kitako, akakibonyeza, akatabasamu.