Manjano ya shangazi: jiwe lilivyotoka bila upasuaji

Shangazi yangu wa Mikindani aligeuka manjano machoni, mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikapauka, mwili ukimuwasha usiku kucha. Majirani walishauri mizizi. Kilichonishtua mimi ni hicho choo cheupe: nyongo haifiki utumboni, yaani njia imeziba.

Ultrasaundi hapa Mtwara ilionyesha mrija wa nyongo umetanuka, ila jiwe lenyewe halikuonekana. Gesi ya utumbo huficha mengi. Tukapanda basi kwenda Dar kufanyiwa ERCP, yaani kuchunguza na kuzibua mrija wa nyongo kupitia mdomoni. Alifunga kula tangu usiku, damu ikapimwa kama inaganda vizuri, akapewa dawa ya usingizi. Mpira wenye kamera ukapitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Daktari akaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, akakata kidogo mlango wa mrija, akalivuta jiwe kwa puto dogo. Hakuna mshono hata mmoja!

Kinachotisha ni kongosho kuvimba baadaye, kwa hiyo tuliambiwa tumbo likiuma sana turudi haraka. Halikuuma. Mkojo ulisafika kwanza, macho yakafuata. Mfuko wa nyongo, mawe yanakotokea, amepangiwa kuutoa.