Mrushaji anayemaliza besiboli peke yake: namna ya kumfuatilia uwanjani

Ndugu mlioko Marekani, mkienda kutazama besiboli kwa mara ya kwanza, msifuatilie pointi peke yake. Kwenye ubao, karibu na jina la mrushaji, kuna namba inayopanda kila anapoachia mpira. Hiyo ndiyo itakayowaambia kama ataumaliza mchezo mwenyewe au atatolewa.

Kuumaliza mwenyewe ni kurusha tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho bila kubadilishwa. Kwa kawaida ni awamu 9, wapigaji 3 watolewe kila awamu, jumla 27. Hata akiruhusu pointi tano anahesabiwa, na kwenye takwimu anaandikiwa CG, yaani complete game (mchezo kamili). Mrushaji wa timu ngeni akishindwa anaweza kuipata kwa awamu 8 tu, maana wenyeji wanaoongoza hawana haja ya kupiga ya 9.

Zamani hii ilikuwa kazi ya kawaida. Jack Chesbro wa New York alianza michezo 51 mwaka 1904, akamaliza 48. Warren Spahn wa Milwaukee aliongoza Ligi ya National, moja ya ligi mbili kuu, kwa kumaliza michezo mwenyewe miaka 7 mfululizo, 1957 hadi 1963. Mwaka huo wa mwisho, akiwa na umri wa miaka 42, alimaliza 22. Mwaka 2022 Sandy Alcantara wa Miami aliongoza kwa 6 tu, na hata hivyo mwaka huo hakuna timu nyingine nzima ya ligi kuu iliyomfikia.

Siku hizi kocha humtoa mtu akikaribia mirusho 100. Anahofia kiwiko, na pia wapigaji 9 wa timu pinzani wakimrudia mara ya tatu wanakuwa wameshausoma mpira wake. Sasa pigeni hesabu: watu 27 kwa mirusho 100 ni chini ya 4 kwa kila mmoja. Anayewakosesha wapigaji mpira mara tatu hushangiliwa sana, lakini kila mmoja wao anamla mirusho isiyopungua 3, mara nyingi 5 au 6. Anayewalazimisha wapige mpira wa chini unaookotwa na wenzake anaweza kummaliza mtu kwa mrusho mmoja. Greg Maddux wa Atlanta, Julai 1997, aliwamaliza Chicago Cubs kwa mirusho 78. Kwangu mimi huo ndio ufundi mkubwa kuliko kasi.

Kwa hiyo awamu ya 6 ikiisha, tazameni namba. Ikiwa 75 au pungufu, msiondoke. Ikiwa 90, geukeni wanakopashia misuli warushaji wa akiba. Huenda mmoja ameshaanza kurusha.

Wenye watoto kwenye Little League, yaani ligi ya watoto, huko kikomo ni sheria. Wa miaka 11 na 12 hucheza awamu 6, mwisho mirusho 85 kwa siku, na akifikisha 66 anapumzika siku 4. Hesabuni wenyewe pia, msimwachie kocha peke yake.